Mgeni wa Kipupwe

Mwaka 1988, mwezi wa Juni, baba alirudi kutoka mjini akiwa na barua mkononi, akatutangazia kwamba tutapata mgeni. Alikuwa msichana wa Kijerumani, mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye alitaka kuishi na familia ya kijijini kwa miezi miwili ili akitengeneze Kiswahili chake. Kwao yalikuwa majira ya joto na vyuo vinafungwa. Kwetu, kijiji kimoja karibu na Ikungi, kilikuwa kipupwe: mtama umekwisha vunwa, na ule upepo wa Singida unavuma mchana na usiku. Alishuka kwenye gari na gauni jepesi. Kesho yake mama alimvika sweta la baba.

Msomaji ataona mara moja kichekesho chake. Alikuja kujifunza Kiswahili katika nyumba ambayo Kiswahili chenyewe kilikuwa mgeni. Baba na mama walizungumza Kinyaturu. Sisi watoto tulikuwa na Kiswahili cha shule. Bibi, mama yake baba, alikuwa na Kiswahili cha kununulia chumvi tu, na hata hicho alikiita lugha ya boma.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba bibi hakukosea sana. Mwaka 1887 Wajerumani walianzisha mjini Berlin chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha zilizofundishwa humo kwa watu waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Waliokisema darasani walikuwa watu wa huku kwetu: Sleman bin Said, kisha Amur bin Nasur, na baadaye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Maandishi ya huyu Mtoro ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Mtoro alioa Mjerumani, akakaa Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Mara nyingi nimejiuliza ni nani aliyemvika sweta alipofika. Bara, Kiswahili kilikuwa kimetangulia na misafara ya wafanyabiashara, lakini utawala ndio uliokipa kiti: karani, askari na akida wakakitumia bomani. Kwa hiyo lugha aliyotuletea yule msichana katika begi lake ilikuwa imekwisha kwenda Berlin na kurudi, miaka mia nzima kabla yake.

Nilikuwa darasa la sita. Shuleni kwetu mtoto aliyesikika akisema Kinyaturu alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Mimi nilikivaa mara tatu, na ya tatu ilinitosha. Toka hapo nilipoitwa na bibi kwa Kinyaturu nilimjibu kwa Kiswahili, na yeye alinyamaza. Nasema haya kwa sababu mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa mkalimani.

Jioni moja mgeni alimwomba bibi amsimulie utoto wake. Bibi alisogeza kigoda karibu na moto akaanza. Alikuwa mtoto mdogo wakati wa ile njaa ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, ambayo jirani zetu Wagogo waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Halafu mvua ikakatika. Halafu ukaja ugonjwa wa mafua uliokuwa ukizunguka dunia nzima. Haya ya vitabuni nayajua leo. Bibi alisema mengine: nani alikufa, alizikwa wapi, walikula mizizi gani, ndugu yake wa kike alipelekwa kwa nani wakabadilishwa na nini. Alizungumza muda mrefu bila kupandisha sauti. Alipotua, mgeni alinigeukia.

Nikasema, "Anasema kulikuwa na njaa."

Aliweka kalamu chini. "Hapana, kaka," akasema kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka kama rula, "bibi amesema mengi kuliko hayo."

Niliona aibu, na ukweli ni kwamba sikuwa nimeficha kitu. Nusu ya maneno sikuyaelewa. Yalikuwa maneno ya watu wazima, na mimi nilikuwa nimeiacha lugha kabla haijanifikisha huko.

Toka usiku ule mgeni alibadili somo. Asubuhi alikwenda kisimani na mama akisema Kiswahili chake, lakini mchana alikaa na bibi na daftari. Alikuwa na sikio la ajabu. Alituonyesha kwamba Kinyaturu kina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano, na kwamba sauti ikipanda au ikishuka neno linaweza kugeuka maana. Bibi alimsahihisha kwa kumpiga kofi dogo la goti, akicheka mpaka machozi. Sikuwa nimemwona bibi akicheka namna ile na mjukuu yeyote.

Aliondoka mwishoni mwa Agosti. Hakuwa wa kwanza. Mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, Howard Olson, alikwisha andika sarufi nzima ya lugha yetu, aliyoiita Kirimi, mwaka 1964. Ila Olson hakukaa na bibi yangu.

Bibi alifariki mwaka 1991. Mwaka uliofuata ilikuja bahasha kutoka Ujerumani yenye kurasa kumi na moja za daftari lile, zimetolewa nakala, na barua fupi ya rambirambi kwa baba. Zimejaa alama juu ya irabu, mistari inayopanda na kushuka. Kwa miaka mingi sikuweza kuzisoma.

Mwaka jana nilizitoa kabatini nikajaribu kumsomea mama, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena. Nilifika mstari wa pili akanisimamisha.

"Hivyo sivyo alivyosema mkwe," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Akatikisa kichwa. Nikarudia tena.