Beef yetu na Tanzania ni ya zamani kuliko simu zenu

Wasee, kila tukirushiana maneno na Watanzania huku mtandaoni, lazima mtu aseme ati "hao wanatuonea wivu tu." Zii. Mimi naona njia zetu zilianza kuachana Januari 1964, na ni wanajeshi walioanzisha.

Tarehe 20, askari wa Tanganyika waliasi Dar es Salaam. Walitaka mshahara mzuri na maafisa Wazungu waende kwao. Siku nne baadaye, wetu nao wakaasi pale Lanet, Nakuru. Nyerere akaita Waingereza wamsaidie. Kenyatta pia. Shida ileile, wiki ileile, dawa ileile. Sasa cheki kilichofuata. Nyerere aliona aibu, akavunja jeshi lote na kuunda jipya, na baadaye Wachina wakaja kulifunza. Kenyatta alizidi kuwakumbatia Waingereza, na mpaka leo wanajeshi wao hufanya mazoezi Nanyuki.

Kutoka hapo, kila mtu na lake. Desemba 1965 Tanzania ilikata uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, Kenya haikukata. 1968 wao wakaitambua Biafra, sisi hatukuitambua. Wachina wakawajengea reli ya TAZARA, na sisi (hii hunichekesha nikiona SGR) tulikuwa tunawafukuza wanadiplomasia wa China.

Ajabu ni kwamba katikati ya hayo yote, 1967, walitia sahihi Jumuiya ya Afrika Mashariki. Reli moja, posta moja, shirika moja la ndege, na bado kila nchi na marafiki wake. Amin alipompindua Obote 1971, Nyerere alikataa kuketi naye meza moja. Kenya ikaendelea kufanya kazi na Amin. Vikao vya marais watatu vikaisha hivyo. Januari 1977 Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Februari, Tanzania ikafunga mpaka.

Hapa ndipo mimi hukasirika. Hawa wakubwa hawakuwa na shangazi ng'ambo ya Namanga. Wamaasai walikuwa nao. Mama wa kuuza vitunguu Taveta hakuwahi kuulizwa maoni yake kuhusu Rhodesia.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mtoto aliyezaliwa siku ulipofungwa alikuwa tayari anaenda shule.