Mel Bonis: Jina Fupi Lililomficha Mwanamke na Muziki Wake

Leo tunakuleteeni habari za mwanamke wa Paris aliyetunga kazi zipatazo 300 za muziki, akazaa watoto wanne, akalea na wengine watano asiowazaa yeye, kisha akafariki mwaka 1937 na jina lake likafukiwa pamoja naye kwa zaidi ya nusu karne. Jina hilo ni Mel Bonis.

Tunajua kitakachokuvuteni kwanza. Maisha yake yana uchumba uliokataliwa na wazazi, ndoa ya kuchaguliwa, na mtoto aliyezaliwa kwa siri. Kisa kama hicho kikianza kusimuliwa, hata chai hupoa vikombeni. Tutakisimulia, maana bila ya hicho hamtamwelewa. Lakini tuna ombi moja: tusiishie hapo. Mama huyu alifichwa na watu wa zama zake. Na sisi tukimfanya kisa cha kuhurumiwa tu, tutakuwa tumemfunika tena kwa kitambaa kingine. Muziki wake upo, unapigwa, na ni mzuri. Hilo ndilo tunalotaka mlichukue leo.

Binti aliyejifundisha mwenyewe

Mélanie Bonis alizaliwa Paris tarehe 21 Januari 1858, katika familia ya Kikatoliki ya hali ya kawaida, iliyoshika dini kwa ukali. Nyumbani kulikuwa na piano, lakini hakukuwa na aliyeona haja ya kumtafutia mtoto huyo mwalimu. Akajifundisha mwenyewe, kwa kusikiliza na kujaribu. Alipofika umri wa miaka 12 hivi, rafiki wa familia aliyekuwa mwalimu katika Chuo cha Muziki cha Paris, kile Conservatoire, aliwasihi wazazi wake mpaka wakakubali asome muziki ipasavyo.

Mwaka 1876 akapelekwa kwa César Franck, mtunzi na mpiga kinanda cha kanisa aliyeheshimika sana, na haikuchukua muda akaingia Chuoni. Huko alisoma harmonia, yaani elimu ya kupanga sauti zinazolia kwa pamoja, kwa mwalimu Ernest Guiraud. Claude Debussy, ambaye leo dunia nzima inamjua, alikuwa mwanafunzi wa Chuo hicho hicho miaka hiyo hiyo. Bonis hakuwa nyuma. Alitunukiwa tuzo ya kwanza ya harmonia.

Chuoni alikutana na kijana mmoja, Amédée Hettich, mwanafunzi wa uimbaji aliyekuwa pia mshairi. Yeye aliandika mashairi, Mélanie akayatungia muziki. Kijana akaposa. Wazazi wakakataa, na si kukataa posa tu: mwaka 1881 walimtoa binti yao Chuoni. Mara moja akakosa mchumba na masomo.

Mwaka 1883 akaozwa Albert Domange, mfanyabiashara tajiri aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 20, aliyekwisha kufiwa na wake wawili na mwenye watoto watano wa kiume. Hakuwa mtu katili, lakini muziki haukuwa na nafasi moyoni mwake. Binti wa miaka 25 akajikuta mama wa watoto watano kwa siku moja, na baadaye akaongeza watatu wake mwenyewe. Nyumba ilikuwa kubwa, wageni wengi, watumishi wa kusimamiwa. Akina mama mnaosoma hapa hamhitaji kuelezwa saa za siku huishia wapi.

Siri, na jina lisilosema

Baada ya miaka kadhaa alikutana tena na Hettich, ambaye naye sasa alikuwa na mke. Hettich akamhimiza arudi kutunga, akamfungulia mlango wa mchapishaji wa muziki Alphonse Leduc. Mapenzi ya zamani yakaamka. Mwaka 1899 Bonis akajifungua mtoto wa kike, Madeleine, kwa siri, na mtoto akakabidhiwa kwa mwanamke aliyewahi kumtumikia nyumbani ili amlee. Mumewe alipofariki mwaka 1918, Madeleine aliweza kukaribishwa nyumbani, lakini kama mtoto wa ubatizo tu, si binti wa kuzaa. Siri hiyo ikatoka baadaye kwa uchungu mkubwa: mmoja wa wana wa Bonis alimpenda msichana huyo bila ya kujua kwamba ni dada yake, na mama akalazimika kumwambia binti ukweli.

Bonis alikuwa mwanamke wa ibada kwelikweli. Jambo hili lilimla moyo mpaka siku zake za mwisho. Sisi hatukai hapa kumhukumu wala kumtakasa. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Tunalosema ni kwamba mtu aliyelazimika kupima kila neno mbele ya familia yake alikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakupimiwa: kwenye karatasi ya noti.

Na hata hapo palikuwa na sharti. Alifupisha jina lake la Mélanie likawa "Mel", ili anayefungua karatasi asijue kama mtunzi ni mwanamume au mwanamke. Alijua soko lilivyo. Inasimuliwa kwamba mtunzi mashuhuri Camille Saint-Saëns, aliposikia kwarteti ya Bonis ya piano na ala za nyuzi ya mwaka 1905, alistaajabu kwamba mwanamke ameweza kuandika kitu kama kile. Bila ya shaka alikusudia kumsifu. Lakini ipimeni sifa hiyo vizuri, mtaona ina mwiba ndani yake: kazi njema ya mwanamke ilihesabiwa kuwa ajabu.

Wanawake saba kwenye piano

Tuje sasa kwenye muziki wenyewe. Katika kazi za Bonis, nyingi mno ni za piano, na miongoni mwa hizo kuna saba ambazo leo hukusanywa pamoja kwa jina la *Femmes de légende*, yaani wanawake wa hadithi za kale. Kila kipande ni cha dakika chache na kila kimoja kina jina la mwanamke.

Ophélie na Desdemona wametoka kwa Shakespeare: mmoja alirukwa na akili akafa maji, mwingine aliuawa na mumewe kwa wivu uliopandwa na fitina. Mélisande ametoka katika tamthilia ya Maeterlinck, mke mpole aliyeishi katika kasri lenye kiza. Salomé ni yule binti aliyecheza mbele ya mfalme na malipo yakawa kichwa cha Yohana Mbatizaji. Omphale ni malkia aliyemfanya shujaa Hercules kuwa mtumwa wake. Viviane ni yule wa visa vya Mfalme Arthur aliyemteka mchawi Merlin kwa uchawi wake mwenyewe. Na Phoebé ni mungu wa mwezi katika hadithi za Wagiriki wa kale.

Waangalieni wote. Katika vitabu vya wanaume, wanawake hawa ni aina mbili: anayeuawa na anayeangamiza. Wa kuonewa huruma na wa kuogopwa. Bonis hakubadilisha hadithi zao, lakini alifanya jambo lingine: alimpa kila mmoja muda wa kukaa peke yake. Katika *Desdemona* husikii vurugu la mauaji, unasikia mwanamke na mawazo yake, sauti inayoimba kwa utulivu wenye wasiwasi chini yake. Katika *Ophélie* noti zinatiririka kama maji, na juu ya maji hayo wimbo unaelea. *Mélisande* ni laini kiasi kwamba mpigaji akibonyeza kwa nguvu kidogo tu ataiharibu. *Salomé* ina mwendo wa ngoma unaorudi na kurudi, mara unapungua, mara unapanda. *Omphale* ni nzito, ina sauti zilizojaa, na inakua mpaka piano nzima inatikisika.

Kwa sikio la mwanzo, mtu anaweza kudhani anamsikia Debussy, kwa ile rangi ya sauti isiyokuwa na haraka ya kufika nyumbani. Lakini endeleeni kusikiliza. Kwa Bonis, hata sauti zikitawanyika vipi, wimbo haupotei. Daima kuna uzi mmoja unaoweza kuushika na kuuimba. Huo ndio urithi wa mwanafunzi wa Franck, na huo ndio mkono wake mwenyewe.

Kuna kipande kingine tusichoweza kukiacha. Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, mizinga ya Wajerumani ililipiga kanisa kuu la Reims, mahali ambapo wafalme wa Ufaransa walikuwa wakitawazwa kwa karne nyingi, na paa lake likateketea. Mwaka uliofuata Bonis akatunga *La cathédrale blessée*, kanisa kuu lililojeruhiwa. Ni kipande cha piano peke yake, chenye sauti nzito za chini zinazogonga kama kengele, na ndani yake mnasikika wimbo wa kale wa misa ya wafu. Hapo utamkuta Bonis wa imani. Anaomboleza nyumba ya ibada kama mtu anavyoomboleza mwili wa jamaa yake.

Na baada ya uzito huo, kuna vipande alivyowatungia watoto. Mtu asividharau. Kumtungia mtoto muziki mwepesi kwa vidole vidogo, na bado ukawa muziki wa kweli, ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mama aliyelea watoto wanane nyumbani mwake alijua mtoto anachoka wapi na anafurahi wapi.

Kwa nini alisahauliwa

Jibu rahisi ni kwamba alikuwa mwanamke. Ni kweli, lakini halitoshi. Mwenzake wa zama zile, Cécile Chaminade, alisafiri mpaka Marekani mwaka 1908 kupiga muziki wake, na mwaka 1913 akatunukiwa nishani ya Ufaransa ya Légion d'honneur. Mwaka huo huo Lili Boulanger, binti wa miaka 19, akawa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo kubwa ya utunzi ya Prix de Rome. Milango ilikuwa inaanza kufunguka.

Bonis alikuwa na cheo chake pia. Mwaka 1910 alikuwa katibu wa chama cha watunzi wa muziki cha Paris. Lakini hakuwa mtu wa jukwaani. Hakusafiri kupiga kazi zake na hakupenda kujitangaza. Heshima ya mke wa tajiri, haya ya mwanamke wa dini na hofu ya mwenye siri vyote vilimwambia neno moja: kaa ndani. Kisha vita vikaja, na vilipokwisha masikio ya Paris yalikuwa yanatafuta mambo mapya. Miaka yake ya mwisho aliishi akiugua, mara nyingi kitandani, akiendelea kutunga, nyingi zikiwa nyimbo za ibada. Alifariki tarehe 18 Machi 1937, huko Sarcelles, karibu na Paris.

Wahenga wetu walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wake ulikawia, lakini ulifika. Karatasi zake zilibaki kwa familia, na kitukuu wake, Christine Géliot, ambaye ni mpiga piano, alizikusanya, akaandika kitabu cha maisha yake na kusimamia kuchapishwa upya kwa kazi zake. Leo wapiga piano wa nchi mbalimbali wanazirekodi.

Hapa kuna funzo kwetu sote. Kilichookoa kazi ya mwanamke huyu ni mtu mmoja wa nyumbani kwake aliyefungua makaratasi ya bibi badala ya kuyatupa. Katika nyumba ngapi kuna daftari la bibi, lenye tungo, mapishi, dua alizoziandika kwa mkono wake, linaloliwa na mchwa ndani ya kasha?

Anzeni hapa

Kwa atakayetaka kusikiliza, tunashauri mpango mwepesi. Tafuteni mtandaoni *Mélisande* kwanza, usiku watoto wakishalala. Siku ya pili, *Ophélie*, msikie yale maji. Siku ya tatu, *Omphale*, ili msije mkadhani mama huyu alijua upole tu. Na mkipata nafasi ya kukaa na huzuni kidogo, *La cathédrale blessée*.

Mkisikiliza, jaribuni kwa dakika hizo chache kusahau Hettich, Domange na siri yote. Msikilizeni kama anavyosikilizwa Debussy, ambaye naye alikuwa na mambo yake ya ndoa na mapenzi, wala hakuna anayesubiri kuyasikia kwanza ndipo ausifu muziki wake. Huyu mama naye anastahili haki hiyo.