Shamba la Nani? Majaribio ya Aina za Shayiri nchini Ayalandi na Uingereza, 1899–1938

Katika msimu wa mwaka 1910, kwenye kituo cha utafiti cha Rothamsted, kaskazini mwa London, ekari moja ya ngano ilivunwa kwa namna isiyo ya kawaida. Eneo hilo lilikuwa limechaguliwa kwa sababu mimea yake ilionekana kwa macho kuwa sawa kila mahali. Mbegu ilikuwa moja, matunzo yalikuwa mamoja. W. B. Mercer na A. D. Hall waliligawa katika vipande 500, kila kimoja kikiwa sehemu ya 500 ya ekari, wakapima nafaka ya kila kipande peke yake. Kipande kilichozaa kidogo kabisa kilitoa ratili 2.73, kilichozaa zaidi kilitoa ratili 5.16. Ngano ile ile, katika ekari ile ile, ilitofautiana na nafsi yake kwa takribani mara mbili.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1911, yalitia shaka mazoea ya muda mrefu. Kwa miongo mingi vituo vya kilimo na vyama vya wakulima vilikuwa vikipanda aina mbili za mbegu bega kwa bega, kipande kimoja kwa kila aina, kisha kumtangazia mkulima ipi bora. Ikiwa mbegu moja inaweza kujishinda yenyewe kiasi hicho, tangazo la namna hiyo lilikuwa na thamani gani? Na mkulima aliyebadili mbegu kwa kulitegemea alikuwa amefuata ubora wa aina mpya, au rutuba ya kona moja ya shamba la watu?

Historia ya suala hili kwa kawaida husimuliwa kama historia ya takwimu, ikianzia Rothamsted na kuishia kwenye vitabu vya R. A. Fisher. Makala haya yanashikilia kuwa usimulizi huo unaacha nje nusu ya jambo. Mzozo uliojitokeza baina ya Fisher na mwenzake wa Dublin haukuhusu hesabu peke yake. Ulihusu pia mahali ambapo jaribio linapaswa kufanyika, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba aina fulani imeshinda.

Mwenzake huyo alikuwa William Sealy Gosset, aliyezaliwa Canterbury mwaka 1876, akasoma hisabati na kemia Oxford, na kuajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin mwaka 1899. Guinness ilinunua shayiri kwa wingi kutoka kwa wakulima wa Ayalandi, na ubora wa kimea chake ulianza shambani. Kwa hiyo kampuni ilishirikiana na Idara ya Kilimo na Mafunzo ya Kiufundi ya Ayalandi katika kujaribu aina za shayiri kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, katika wilaya zilizolima zao hilo. Hapa kuna tofauti ya msingi na Rothamsted. Kituo kile kilikuwa na ardhi yake, na majaribio yake ya mbolea kwenye shamba la Broadbalk yalikuwa yameendelea tangu mwaka 1843. Kilichunguza udongo mmoja kwa kina. Majaribio ya Ayalandi yalitawanyika kwenye udongo wa aina nyingi, chini ya mikono ya watu wengi.

Swali la kiwanda lilikuwa la kibiashara na lilitaka jibu la haraka. Vituo vilikuwa vichache, misimu ilikuwa michache, na kanuni za takwimu za wakati huo zilihitaji sampuli kubwa. Gosset alikwenda London mwaka 1906 kusoma kwa Karl Pearson, na mwaka 1908 akachapisha katika jarida la *Biometrika* makala kuhusu kosa la wastani linapokadiriwa kwa sampuli ndogo. Kwa kuwa kampuni haikuruhusu wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao, alitia saini ya "Student", na kwa jina hilo jaribio la *t* linajulikana hadi leo. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba miongoni mwa mifano ya makala hayo mlikuwamo mazao ya nafaka: mbegu iliyokaushwa kwenye tanuri ikilinganishwa na isiyokaushwa, jozi kwa jozi. Mantiki yake ni nyepesi. Usilinganishe wastani wa shamba hili na wa shamba lile. Chukua tofauti ndani ya kila jozi, kisha uulize kama tofauti hizo, kwa pamoja, ni kubwa kuliko zinavyoyumba zenyewe.

Student aliongeza pia maelezo yake mwishoni mwa makala ya Mercer na Hall ya mwaka 1911, akionyesha namna ya kupanga vipande ili ardhi iliyopo itumike kwa faida kubwa zaidi pale aina mbili zinapolinganishwa. Vipande vidogo vingi, vilivyokaribiana, hushinda vipande vikubwa vichache, kwa sababu majirani hushiriki udongo mmoja.

Wazo hilo lilipata umbo la kimatendo mikononi mwa Edwin Sloper Beaven, mtengenezaji wa kimea na mzalishaji wa mbegu wa Warminster, kusini mwa Uingereza, ambaye hakuwa mwanahisabati. Beaven aligawa sanduku la mashine ya kupandia katikati, akatia aina A upande mmoja na aina B upande wa pili. Mashine ilipokwenda na kurudi, mistari ilijipanga yenyewe: A, B, B, A, A, B, B, A. Tuseme rutuba inapanda polepole kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine, na mistari imepewa namba 1 hadi 8. A inakalia nafasi ya 1, 4, 5 na 8; B inakalia ya 2, 3, 6 na 7. Jumla ya kila upande ni 18. Mteremko wa rutuba unajifuta bila mtu kuupima. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba mkulima aliweza kuitekeleza kwa zana na mwendo aliouzoea, na pengine hiyo ndiyo sababu Student aliitetea hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1923 Student alikusanya uzoefu huo katika makala marefu kuhusu kujaribu aina za nafaka. Lengo la majaribio, kwa maoni yake, ni kujua ni aina ipi itakayomlipa mkulima zaidi. Msimamo huo una matokeo mawili. Kwanza, uzito wa mavuno hautoshi. Ni lazima uzidishwe kwa bei inayotokana na ubora wa punje. Pili, mashamba ya majaribio lazima yawe sampuli ya mashamba halisi ambamo zao litalimwa, pamoja na udongo wake mbaya, hali yake ya hewa na kasoro zake. Msomaji ana haki ya kushuku hapa, kwa kuwa aliyeandika hayo alilipwa na mnunuzi wa shayiri, na ubora unaopandisha bei ni ubora anaoutaka mnunuzi. Shaka hiyo ni ya haki. Hata hivyo kanuni ya pili ilikuja kuwapa wakulima ushindi ambao hakuna aliyeukusudia.

Aina iliyosifika kuliko zote katika majaribio ya Ayalandi ilikuwa Spratt-Archer, iliyozalishwa na Herbert Hunter. Pamoja na Plumage-Archer ya Beaven, ilienea hadi kutawala kilimo cha shayiri Ayalandi na Uingereza katika kipindi cha kati ya vita viwili vya dunia. Lakini Student alieleza kisa cha wilaya moja ambayo wakulima wake waliikataa. Walidai kwamba shayiri yao ya kienyeji ni bora. Maofisa waliona huo ni ukaidi, na ili kuukomesha, idara ilichukua shayiri hiyo ya kienyeji, ikazalisha mbegu safi ya ukoo mmoja, kisha ikaipanda dhidi ya Spratt-Archer katika wilaya ile ile. Shayiri ya kienyeji ilishinda. Sababu ilionekana baadaye: mashamba ya huko yalijaa magugu, na shayiri ya wenyeji iliota kwa kasi mapema, ikayafunika magugu kabla hayajapata nafasi. Spratt-Archer ilianza polepole, na magugu yakastawi ndani yake.

Kisa hiki kinastahili kukaziwa macho. Majaribio ya awali hayakuwa na kosa la hesabu. Spratt-Archer ilikuwa imeshinda kwelikweli mahali ilipojaribiwa. Kilichokosekana ni magugu. Shamba linalopaliliwa vizuri kwa ajili ya jaribio huondoa mshindani ambaye mkulima hupambana naye kila msimu, na jibu linalopatikana linakuwa sahihi kwa shamba ambalo mkulima hana. Wakulima wa mtama katika kanda kame za Tanzania hawahitaji kuelezwa jambo hili: mtama mweupe wenye punje tamu unaweza kung'ara kituoni penye walinzi wa kufukuza ndege, na uliwe wote na kweleakwelea katika shamba la mwenye watoto walio shuleni, ilhali mtama wa kahawia wenye ukakasi unabaki.

Fisher aliingia Rothamsted mwaka 1919. Urafiki wake na Student ulikuwa wa kweli. Ndiye aliyelipa jaribio la *t* uthibitisho wake kamili wa kihisabati. Lakini katika makala ya mwaka 1926 kuhusu mpangilio wa majaribio ya shambani, na baadaye katika kitabu cha mwaka 1935 kuhusu usanifu wa majaribio, alishikilia kwamba aina lazima zigawiwe vipande kwa bahati nasibu. Mpangilio wa kimfumo kama ule wa Beaven, hata ukipunguza kosa halisi, haumpi mtafiti njia halali ya kulikadiria kosa hilo. Student alijibu kuwa kura inaweza kuangukia mpangilio mbaya, A zote zikajikuta upande wenye rutuba, na mwenye akili hatakubali kupanda mpangilio ambao tayari anauona una kasoro. Kwa Fisher, jambo la kwanza lilikuwa uhalali wa hitimisho kutokana na jaribio moja. Kwa Student, jaribio moja halikuwa na uzito mkubwa hata likiwa halali, kwani ushahidi ulitokana na kurudia katika mashamba mengi na miaka mingi.

Mwaka 1936 mabishano yalihamia hadharani katika Jumuiya ya Kifalme ya Takwimu, Student alipowasilisha mada kuhusu ushirikiano katika majaribio makubwa, na mwaka huo huo Fisher pamoja na Barbacki wakachapisha makala ya kupinga usahihi unaodaiwa wa mipangilio ya kimfumo. Student alifariki Oktoba 1937. Jibu lake la mwisho lilichapishwa katika *Biometrika* mwaka 1938.

Vitabu vya kiada vilimfuata Fisher. Taasisi zilikwenda kwa mwendo wao: Taasisi ya Taifa ya Botania ya Kilimo ya Uingereza, iliyoanzishwa Cambridge mwaka 1919 ili kupima mbegu kwa niaba ya wakulima, ilitumia mbinu ya Beaven kwa miaka mingi, na mwaka 1944 ikaanza kutoa orodha za aina zinazopendekezwa. Orodha ya namna hiyo humfikia mkulima ikiwa imekwisha kuamua mambo mengi kwa niaba yake: udongo, palizi, kipimo cha ubora. Shayiri ya kienyeji ya wilaya ile ya Ayalandi haikuingizwa kwenye majaribio kwa sababu mtu aliamini ingeweza kushinda. Iliingizwa ili wenyewe waonyeshwe kuwa wamekosea, na iliwezekana kuingizwa kwa sababu walikuwa bado wanayo mbegu yake ghalani.