Margareta (jina)

Margareta ni jina la kike lililotoka katika neno la Kigiriki margarites, yaani lulu, ambalo Wagiriki nao walilipokea kutoka lugha za jamii ya Kiajemi, kisha likapitia Kilatini na kuenea karibu Ulaya nzima.

Hata hivyo, jina hili halikuenea kwa uzuri wa maana yake bali kwa sifa za Margareta wa Antiokia, mfiadini ambaye kwa mapokeo aliuawa mwanzoni mwa karne ya 4 wakati wa Kaisari Diokletiano, na ambaye Wakristo wa Mashariki humwita Marina. Kwa kuwa ilisimuliwa kwamba joka lilimmeza naye akatoka tumboni mwake akiwa mzima, wajawazito walimfanya mwombezi wao, na haishangazi kwamba wazazi wa Zama za Kati waliwapa binti zao jina lake. Lakini mwaka 1969 Kanisa Katoliki liliiondoa sikukuu yake katika kalenda yake ya jumla, kwa kukosa ushahidi wa kihistoria. Jina lilikuwa limekwisha kujitegemea zamani. Kwa mfano, malkia Margrethe I ndiye aliyeziunganisha Denmark, Norwei na Uswidi katika Muungano wa Kalmar wa mwaka 1397.

Waitalia husema Margherita, Wapolandi Małgorzata, Wahungaria Margit, na Wafaransa Marguerite, ambalo kwao ni pia jina la ua dogo jeupe lenye kitovu cha manjano. Vifupisho vyake vimetengana mno hata udugu wao hautambuliki kwa sikio: Greta, Megan ya Wales, Peggy ya Waingereza, na Rita, lililopata heshima yake kwa mtawa Rita wa Cascia, aliyebatizwa Margherita na kutangazwa mtakatifu mwaka 1900.

Afrika Mashariki jina lilifika pamoja na wamisionari, na nchini Tanzania huandikwa mara nyingi Magreth, tahajia inayofuata matamshi ya wenyeji kuliko kitabu cha ubatizo. Waswahili walikuwa tayari na Lulu, lenye maana ileile lakini lililotokana na Kiarabu, nalo hupewa mabinti hadi leo. Miongoni mwa waliojulikana sana kwa jina la Margareta katika eneo hili ni Margaret Wambui Kenyatta, binti wa Jomo Kenyatta, aliyekuwa meya wa Nairobi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976.