Waliokaa: Historia Fupi ya Waganga na Wauguzi wa Bonde la Kilombero

Ndugu zetu wa Ifakara, Mahenge, Mlimba na popote mlipo,

Kila mwaka kijitabu hiki huwa na ukurasa wa historia. Safari hii kamati imetukabidhi sisi tunaoshika vitabu vya fedha, nasi tukaanzia pale tunapopajua: kwenye hesabu. Tulitaka kuona chama kimetumia nini kwa afya tangu kianze. Tulikuta saruji, mabati, vitanda vya kujifungulia, darubini moja na taa za sola. Kwa ajili ya mtu anayevitumia vitu hivyo tulikuta mstari mmoja tu: doti mbili za vitenge, zawadi ya kumuaga nesi mkunga aliyeomba uhamisho. Mstari huo ndio uliotufanya turudi nyuma kuangalia bonde letu liliwapataje waganga wake, na kwa nini baadhi yao walikaa.

Wamisionari Wakapuchini wa Uswisi na masista wa Baldegg walifika Tanganyika mwaka 1921, na Ifakara ikawa moja ya misheni zao. Huko ndiko ilikotoka Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Wazee wetu waliijua kabla ya barabara nzuri, wakati masika yakishika mto ulitapakaa mbugani na mgonjwa alivushwa kwa mtumbwi. Katika miezi ile hapakuwa na pa kumpelekea mgonjwa zaidi ya hapo. Aliyekuwa zamu ndiye aliyekuwapo, na alikuwapo kwa sababu nyumba yake ilikuwa palepale.

Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Basel alifika kwetu kuchunguza wadudu waenezao magonjwa, wakiwamo papasi waliojificha kwenye sakafu za udongo na kuwaambukiza watu homa usingizini. Miaka michache baadaye taasisi yake ilifungua maabara ndogo Ifakara. Maabara hiyo ndiyo mzazi wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo leo jina lake linajulikana duniani kwa utafiti wa malaria.

Kisha ukaja mwaka 1961. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba Tanganyika iliingia kwenye Uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12. Mwaka huohuo kilianzishwa Ifakara kituo cha kufundisha vijana wa Kitanganyika kazi ya uganga wa vijijini. Hawakufundishwa ili wakae kwenye hospitali kubwa. Walifundishwa kupima, kutibu, kuzalisha na kuchimbisha vyoo mahali ambapo daktari hafiki. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilisukuma zahanati na vituo vya afya hadi vijijini, na watu wa namna hiyo ndio waliovifungua milango.

Ng'ambo ya mto, Mahenge, kuna somo ambalo hatupaswi kulisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa. Wakati huo mgonjwa wa kifafa alitengwa. Wengi waliamini ugonjwa huambukiza, na aliyeangukia motoni aliweza kuungua watu wakiogopa kumgusa. Dawa ilikuwapo, tena ya bei ndogo, lakini ilipaswa kumezwa kila siku, miaka nenda rudi. Mgonjwa akiiacha ghafla, kifafa humrudia, pengine kwa nguvu zaidi. Ugonjwa wa namna hiyo hautibiwi na mgeni wa wiki mbili. Kliniki ile iliendelea baada ya daktari kuondoka kwa sababu walikuwapo wauguzi wa kuishika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa degedege pia. Wengi wetu tulikua tukisikia kuwa mtoto mwenye degedege asipigwe sindano, apelekwe kwanza kwa mganga wa kienyeji. Nesi mgeni aligomba, na mama aliyegombezwa hakurudi. Nesi aliyeishi nasi, aliyechota maji kisima kimoja na mama zetu na kuwatembelea mashambani familia zilipohamia kwenye madungu kulinda mpunga, alisikilizwa. Alijua la kusema na wakati wa kulisema.

Mwaka 1997 vyandarua vya Zuia Mbu vilianza kuuzwa Kilombero na Ulanga. Wadogo zetu walilala ndani yake. Watafiti walipofanya hesabu, walikuta kuwa kulala ndani ya chandarua chenye dawa kumeongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Sisi wa hesabu tunaiheshimu namba hiyo. Lakini mama alikubali kutoa shilingi zake baada ya kuelezwa na mtu anayemfahamu, dukani, kwenye mkutano wa kijiji au kliniki.

Leo tunayo ya kujivunia. Mtakatifu Fransisko ni hospitali ya rufaa, na Ifakara kuna vyuo vinavyofundisha matabibu na madaktari. Mwaka 2018 lilizinduliwa daraja la mita 384 juu ya mto uliotumezea ndugu zetu wakati wa pantoni. Hata hivyo, toka nje ya lami masika yakiwa yamekolea. Kuna zahanati ambako mtumishi mmoja ndiye mganga mfawidhi, mkunga, mtunza stoo na mwandishi wa ripoti.

Yule mkunga wa vitenge alikuwa hivyo. Alipanga chumba mwendo wa karibu saa nzima kutoka zahanati. Usiku aliitwa kwa simu, akatembea matopeni na tochi, mtoto wake mdogo akiwa ameachwa kwa jirani. Tulipomletea kitanda kipya cha kujifungulia alitushukuru, akauliza kwa upole kama chama kina mpango wa nyumba. Tukamjibu kwamba tutaliangalia. Hatukuliangalia. Aliondoka, na kwa miezi kadhaa kitanda kile kilikaa kimefunikwa shuka, wajawazito wakipakiwa bodaboda kwenda mjini.

Hatuandiki haya kumlaumu yeye wala mwajiri wake. Kosa hili limo kwenye vitabu vyetu wenyewe, kwa mwandiko wetu. Tulinunua vitu tukamsahau mtu.

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu una kazi moja: nyumba ya watumishi ya familia mbili, hatua chache kutoka zahanati ileile, yenye tangi la maji ya mvua, umeme wa jua na nyavu za mbu madirishani. Kijiji kimeshatoa kiwanja, na wananchi wameahidi tofali, mchanga na nguvu zao. Makisio yote yapo ukurasa wa nyuma pamoja na fomu ya ahadi. Kila shilingi itakatiwa risiti, na mapato na matumizi yatasomwa mbele yenu kwenye mkutano mkuu.

Mkunga mwingine atapangiwa kuja. Tukutane tukimkabidhi ufunguo, vitenge vya kuaga vikae dukani.