Karatasi Iliyookoa Programu Minneapolis

Desemba 1971, Don Rawitsch, mwanafunzi wa Carleton College, alikuwa akifanya mazoezi ya ualimu wa historia katika shule moja ya Minneapolis. Alitaka wanafunzi waielewe safari ya wahamiaji waliovuka Marekani kwa magari ya maksai karne ya 19. Wenzake wawili wa hisabati, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, wakamwandikia programu kwa lugha ya BASIC. Kwa wiki mbili hivi mchezo wa The Oregon Trail ukawa tayari.

Darasani hapakuwa na kompyuta, bali teletaipu: mashine ya kuchapa iliyounganishwa kwa simu na kompyuta moja kubwa iliyotumiwa na shule nyingi. Haikuwa na skrini. Kila jibu lilitoka kwenye karatasi. Programu yenyewe ilikaa huko mbali. Leo tungesema iko kwenye wingu.

Muhula ulipokwisha, programu ilifutwa. Kilichobaki ni maandishi yake, ambayo Rawitsch alikuwa ameyachapa na kuyahifadhi. Mwaka 1973 jimbo la Minnesota liliunda MECC, shirika la kupeleka huduma za kompyuta shuleni. Rawitsch aliajiriwa huko 1974, na katika mapumziko ya Siku ya Shukrani akaiandika upya yote kutoka kwenye zile karatasi, mistari 800 hivi. (Anayejua kuandika programu anajua koma moja tu inavyoweza kuharibu kazi.)

Lakini hakuishia kunakili. Alisoma shajara za wasafiri wa kweli, akabadilisha mara ngapi kila balaa hutokea njiani ili mchezo ukaribie ukweli. Hapo ndipo tunapoona kiini cha habari hii: tangu siku hiyo karatasi na kompyuta havikusema tena jambo moja, na karatasi haikuwa na njia ya kujua.

Tatizo hilo tunalo bado. Google Apps Script, iliyoanza 2009, huhifadhi programu ndogo kwenye mashine za Google. Chombo kiitwacho clasp, cha 2018, huzivuta hadi kompyuta yako na kuzisukuma zirudi. Siku hizi programu-jalizi huingiza kazi hiyo ndani ya zana ya kujengea programu, ili amri moja ikague, iandae na kutuma. Ni rahisi mno, kwa maoni yetu. Kusukuma hufuta yote yaliyoko juu na kuweka yako. Mwenzako akiwa amerekebisha kitu kwenye kivinjari dakika tano kabla, kazi yake huenda ikapotea. Vuta kwanza, linganisha, ndipo usukume.

Mwaka 1978 jarida la Creative Computing lilichapisha maandishi ya mchezo huo, yeyote aweze kuyaandika kwenye kompyuta yake. Walichopata wasomaji ni toleo la baada ya shajara, si lile la darasani la 1971.