Gharama ya Kiputo: Historia ya Skima ya Protini

Kusafisha maji ya chumvi kwa povu hakukubuniwa na wafugaji wa samaki, kwa kuwa bahari yenyewe huifanya kazi hiyo wakati wa kusi, mawimbi yanapotupa ufukweni mafungu ya povu la manjano lililonasa mabaki ya mwani na ya viumbe vilivyooza. Molekuli nyingi za mabaki hayo, protini zikiwamo, zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, na ndiyo maana hung'ang'ania pale maji yanapokutana na hewa. Skima ya protini ni mrija wa wima unaojazwa viputo vidogo, ambavyo hupanda na uchafu huo hadi shingoni na kuumwaga katika kikombe, ukiwa majimaji meusi kama chai ya rangi iliyokolea, kabla bakteria hawajaugeuza kuwa amonia na hatimaye naitreti. Vichujio vingine huushika uchafu huku maji yakiendelea kuupitia. Skima huutoa nje kabisa.

Chombo hiki kilishika mizizi Ujerumani Magharibi katika miaka ya 1960, ambako kampuni za Sander na Tunze zilijipatia jina. Wakati huohuo Lee Chin Eng wa Jakarta, katika makala ya mwaka 1961, alikuwa ameeleza namna ya kufuga matumbawe kwa mwamba hai, yaani mawe ya baharini yenye bakteria na vijidudu vyake, pamoja na hewa kidogo tu. Wafugaji wa Berlin waliunganisha njia hizo mbili, wakauachia mwamba kazi ya bakteria na skima kazi ya kuzoa uchafu, na mfumo wao ulipoenea Marekani kuelekea miaka ya 1990, skima iliacha kuwa pambo la matajiri.

Hata hivyo, unafuu wake haukupimwa vizuri kwa bei ya dukani. Skima za awali zilikuwa mrija wa plastiki na kipande cha mti laini wa linden, ambao vinyweleo vyake hutoa viputo vidogo mno. Kipande hicho kilikuwa rahisi kununua, lakini kiliziba baada ya wiki chache, na mfugaji akawa mteja wa kudumu wa muuza vipande. Zikafuata skima za venturi, zinazovuta hewa kwa kuyapitisha maji kwa kasi mahali mrija unapobanwa, kwa kanuni iliyopewa jina la mwanafizikia Mwitalia Giovanni Battista Venturi. Hizo ziliondoa vipande vya mti, ila zilidai pampu yenye nguvu, na mzigo ukahamia kwenye bili ya umeme. Gurudumu la sindano, yaani pangaboi la pampu lenye vijiti vingi vinavyoikatakata hewa, ndilo lililopunguza gharama zote mbili kwa pamoja, na kwa haki limetawala soko tangu hapo.

Lita zilizochapwa kwenye boksi hazikuwahi kuwa kipimo cha kuaminika, kwa sababu tangi lenye samaki wawili na lenye samaki ishirini huandikiwa namba ileile. Mnunuzi makini alitazama zaidi pampu, kwa kuwa chokaa huganda kwenye vijiti na hewa hupungua, hivyo gurudumu lisilofunguka ili lilowekwe katika siki, au lisilo na kipuri dukani, huigeuza skima ya bei poa kuwa mrija mtupu.